App ya simu na program ya kompyuta, zote mbili zilimkosea marehemu Trufena

Wakuu, nawasalimu nyote, wa mjini na wa shambani.

Nimekuwa nikisoma huu ubishi wenu wa ati ni program gani ya kutengeneza picha iko juu ya nyingine. Wengine wanasema ya kompyuta ndiyo mwisho wa maneno. Wengine wanasema hiyo ni ya wazee, siku hizi simu inamaliza kila kitu. Mmetukanana mpaka mama za watu wameingizwa.

Sasa nimeingia mimi. Shule nilifika darasa la tatu tu, kwa hivyo nikikosea herufi mnivumilie. Lakini haya nimeyaona na macho yangu, na anayefikiria ninatunga aje Keringet aulize.

Majina ya hizo program siweki. Sitaki kumtangazia mtu biashara na sitaki kesi. Nitasema "ya simu" na "ya kompyuta", na mtaelewa.

Kwanza niwataje waliokuwa kwa picha yenyewe, picha yetu ya zamani ya akina mama watano, kwa sababu bila wao hakuna uzi.

Ukianzia kushoto, wa kwanza ni Rael Chepkoech, mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama.

Anayemfuata ni Tapsubei, mama mkwe wa Rael. Huyo hakupenda kamera, ameangalia kando kabisa.

Katikati ni mimi, Wairimu.

Kando yangu ni Wambui, aliyeolewa na ndugu ya mume wangu. Mgongoni amebeba kijana wake, Karanja.

Mwisho kulia ni Trufena, jirani yangu. Bwana yake, Wafula, alikuwa mtu wa reli. Walitoka upande wa Bungoma wakapata kipande cha shamba kilichopakana na changu, tukawa tunachuma pareto pamoja.

Siku hiyo tulikuwa tunakandika ukuta wa nasari. Watoto walikuwa wanasomea chini ya mti, mvua ikija wanatawanyika kama kuku. Tukasema hapana. Wanaume wakasimamisha miti, sisi tukakanyaga udongo na miguu na kukandika na mikono. Kwa picha utaona tumejaa matope mpaka kwa viwiko. Mpiga picha alikuja na baiskeli, akatuambia tuoshe mikono. Rael akamwambia, "Piga hivyo hivyo. Wajue ni nani alijenga."

Shikeni hayo maneno ya matope, kwa sababu hapo ndipo shida yote ilitokea.

Kati ya hao akina mama watano nimebaki mimi peke yangu.

Trufena ndiye alitangulia. Aliugua haraka akaenda, na akaacha msichana mdogo, Nekesa, ambaye alikuwa ndiyo ameanza kuongea. Nyanya yake akaja kumchukua, wakarudi naye Bungoma. Wafula naye akahamishwa na reli, na hatukusikia kutoka kwao tena.

Miaka imeenda. Mwaka huu shule ikaamua kufanya sherehe, maana ile nasari ya matope sasa ni shule kubwa ya mawe. Mwenyekiti wa kamati ni Karanja. Ndiyo, yule wa mgongoni. Sasa ni mzee wa kanisa, ana kitambi na miwani. Akasema watatengeneza banner kubwa yenye picha yetu, na familia ya kila mama ipewe nakala.

Karanja akauliza huku na huku mpaka akampata Nekesa. Kumbe yuko karibu tu, Mai Mahiu, ana hoteli ya kupikia madereva wa malori.

Nekesa akanipigia simu. Hakunisalimia vizuri hata, aliuliza moja kwa moja.

"Mama, ni kweli kuna picha ya mama yangu?"

Nikamwambia iko.

"Mimi sijawahi kumuona, mama. Hata moja sina. Kwetu hakukuwa na picha."

Nikamwambia, "Utamuona. Kuja kwa sherehe, utamuona."

Hiyo ahadi nilitoa na mdomo wangu. Nilikuwa sijui.

Sikujua kwa sababu picha haikuwa kwangu. Ilikuwa kwa kijana wangu, Njoroge, ambaye anakaa Kihoto, Naivasha. Aliitia kwa fremu akatundika ukutani. Na nyinyi wa huko mnajua ziwa limefanya nini. Maji yaliingia kwa nyumba za watu, Njoroge na watu wake wakatoka na watoto na godoro. Waliporudi kuchukua vitu, fremu ilikuwa imeanguka ndani ya maji.

Njoroge akaileta Keringet imefungwa kwa taulo kama mtoto mgonjwa.

Rael alikuwa sawa. Tapsubei sawa. Mimi na Wambui tulikuwa na madoa kidogo. Lakini upande wa kulia maji yalikuwa yamekula. Mwili wa Trufena ulikuwepo, mikono na leso yake unaona vizuri. Uso, kuanzia paji mpaka karibu na mdomo, ulikuwa wingu la rangi ya chai.

Wakuu, nilikaa chini. Hiyo picha ilimngojea mwenyewe miaka yote ikiwa nzima, halafu ikaharibika kabla hajafika.

Shiro, mjukuu wangu, msichana wa Njoroge, akanishika bega. Yeye hutengenezea watu matangazo ya birthday na ya harambee na simu yake, na ana bidii, siwezi kumnyima hiyo. Akaniambia, "Cucu, usilie. Kuna app. Hii kitu nitairudisha kama mpya."

Karanja alikuwa hapo. Akasema mambo ya maana hayafanywi na simu, yeye anamjua kijana mmoja mjini Nakuru, anaitwa Boni, anatumia kompyuta na amesomea.

Shiro akacheka. "Boni? Huyo akimaliza kuwasha kompyuta, sherehe itakuwa imeisha."

Ndiyo mashindano yakaanza hivyo, kando ya kiti changu, juu ya uso wa rafiki yangu.

Shiro alipiga picha juu ya kioo vile vile, maana picha ilikuwa imeshikana na kioo. Akafinya hapa, akafinya pale. Nilikuwa nimeenda kugeuza sufuria ya githeri tu, kurudi nikapata amemaliza.

"Cucu, ona! Hata rangi nimeweka."

Nikavaa miwani.

Kitu cha kwanza, tulikuwa tunacheka. Wote! Meno yamepangwa kama mahindi ya maonyesho. Wakati ule nani alikuwa anacheka kwa picha? Ulikuwa unasimama wima kama mtu anayeapishwa. Tapsubei, ambaye hakuangalia kamera maisha yake yote, sasa ameiangalia na anaifurahia.

Matope hakuna. Mikono ni safi, ya watu wametoka kujipaka mafuta.

Na mgongoni kwa Wambui palikuwa na begi. Begi, wakuu! Ya ngozi, na mkanda. Hiyo app iliona kitu kimefungwa mgongoni na leso, ikaona haiwezi kuwa mtu. Mwenyekiti wa kamati amefanywa begi.

Karanja aliangalia hiyo simu kwa muda. Akatoa miwani, akapanguza, akavaa tena.

"Shiro, mimi niko wapi?"

"Uncle, hiyo ni glitch tu, app imekosea kidogo."

"Mimi ni glitch?"

Hapo nilicheka, sitadanganya. Lakini nikasogeza picha upande wa kulia na kicheko kikaisha.

Kulikuwa na mwanamke amesimama hapo kwa mwili wa Trufena. Mrembo. Mweupe kidogo, pua nyembamba, macho makubwa yote mawili sawasawa, na herini. Sijawahi kumuona mahali popote.

"Huyu ni nani?"

"Ni Trufena, cucu. AI imemrudisha."

"Imemtoa wapi?"

"Inakisia, cucu. Imefundishwa na picha nyingi sana za watu, inajua hapo kunafaa kuwa na nini."

"Hao watu walikuwa Keringet?"

Akairudisha simu kwake.

Nikamwambia Trufena alikuwa mweusi kabisa wa kung'aa. Jicho lake la kushoto lilikuwa linalala kidogo, ukidhani anakukonyeza. Tulikuwa tunamtania, "Trufena, wacha kuita bwana za watu." Na herini hakuvaa hata siku moja. Masikio hakutoboa, aliogopa sindano kuliko nyoka.

Shiro akasema, "Sawa cucu, nitajaribu tena."

Akajaribu. Akatoka mwanamke mwingine. Akajaribu tena, akatoka mwingine. Kila akifinya, mtu mgeni anaingia kwa leso ya Trufena. Nikamwambia awache, nikasikia kama tunavua marehemu nguo.

Sasa sikizeni shida ilipo. Ile ya kwanza alikuwa ameshaituma kwa group ya familia na ya kamati. Na Nekesa yuko kwa group ya kamati.

Sikujua hilo mpaka Nekesa mwenyewe alipoiona, siku chache baadaye.

Karanja naye, na hasira za kuitwa begi, akachukua fremu akampelekea Boni. Nikasema sibaki nyuma, nikaenda naye. Boni ana chumba juu ya duka la vitambaa. Kijana mpole, ananiita mathe. Na nimpe haki yake, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa la akili. Hakubandua picha kutoka kwa kioo. Alisema ukivuta, uso unabaki kwa kioo. Aliweka yote kwa mashine ya scan na kioo chake.

Akatuambia turudi baada ya siku chache. Tukarudi.

Ya Boni ilikuwa safi, na nyuso zilikuwa zetu. Rael ni Rael. Tapsubei ameangalia kando, Mungu asifiwe. Karanja amerudi mgongoni, akaiangalia mwenyewe akasema, "Hapo sasa."

Lakini matope tena hakuna. Mikono imepakwa rangi ya ngozi mpaka kwa vidole.

Nikahesabu akina mama. Kulikuwa na wanne. Pale Trufena alisimama palikuwa na ukuta.

"Boni, mwenzetu ako wapi?"

"Mathe, ile side ilikuwa imeisha kabisa. Nime-crop, nimeikata kidogo, halafu nika-extend ukuta ufunike hapo, ndiyo iwe balanced."

"Ume-crop mtu."

"Uso haukuwa, mathe. Mtu bila uso kwa banner atatisha watoto."

"Huo ukuta umeongeza, unajua ni nani aliukandika?"

Boni akageukia kompyuta kuuangalia.

"Ni yeye. Umemfunika na kazi yake."

Karanja, ambaye huniita tata, yaani shangazi, akaniambia pole pole, "Tata, kijana hakujua." Nikamwambia ndiyo hiyo shida, hakuna anayejua na hakuna anayeuliza. Ya simu ilimpa uso wa mtu mwingine. Ya kompyuta ilimtoa na mwili wake. Halafu mnasimama hapa kubishana ni gani iko juu!

Na matope je? Boni akasema alidhani ni uchafu wa picha. "Ilikuwa dots na stains kila mahali, mathe, nika-clean." Hata sikumkasirikia sana hapo. Kijana wa siku hizi ameona wapi mama amekandika nyumba? Akiona weusi kwa mkono anajua ni doa.

Kabla sijamaliza kugomba, simu yangu ikalia. Ni Nekesa.

Alikuwa analia, lakini kilio cha furaha, unaskia kabisa.

"Mama, nimemuona. Nimemuona mama yangu. Watoto wangu wanasema nimefanana naye! Nime-print, nimeweka kwa fremu, iko hapa hotelini. Madereva wananiambia, Mathe, kumbe urembo ulitoka mbali."

Wakuu, nikasogea mlangoni na simu.

Niambieni nyinyi mngefanya nini. Mtu amekaa maisha yake yote bila mama, sasa amepata mmoja, anamuonyesha wateja. Na wewe ndiye mtu wa pekee aliyebaki duniani anayejua kwamba huyo siye.

Nikasema tu, "Kesho kutwa kuja hapa Nakuru, kwa kijana wa picha. Kuja tuonane."

Kurudi nyumbani nilimwambia Shiro maneno ambayo siwezi kuandika hapa, kuna watoto wanasoma. Njoroge akanituliza, akasema, "Mama, si umwache tu Nekesa na furaha yake. Inamdhuru nani?"

Hilo swali nililibeba. Kwa sababu kweli, inamdhuru nani? Trufena amelala. Ningenyamaza, hakuna mtu angejua.

Lakini nikafikiria. Huyo msichana ataweka hiyo picha kwa ukuta. Atakufa, watoto wake watairithi. Watasema hii ndiyo nyanya yetu. Na Trufena mwenyewe, na jicho lake la kulala, hatakuwa mahali popote. Alikufa mara moja akiwa kijana, sasa tunamuua mara ya pili na tunapiga makofi.

Nikasema nitaongea.

Nekesa akaja. Mwanamke mnene, amefunga kitambaa, mikono ya kazi, na fremu ameifunga kwa gazeti. Shiro nilimleta kwa nguvu. Boni alikuwa kwa kompyuta yake, Karanja amesimama mlangoni.

Nilipomwona anaingia mlangoni nilijua ni wa Trufena. Haikuwa sura hasa, ilikuwa vile anavyoingia kwa nyumba, kama anatafuta kitu cha kubeba.

Akafungua gazeti. Yule mwanamke mwenye herini akatuangalia sisi wote.

Nikamshika mkono nikamwambia, "Nekesa, msichana wangu, huyu si mama yako."

Akacheka. Alidhani ni mzaha wa wazee.

"Huyu ametengenezwa na simu. Uso wa mama yako uliharibiwa na maji. Hapa hapakuwa na kitu, simu ikaweka mtu."

Akamwangalia Shiro. Shiro akaangalia chini.

"Ni kweli?"

"Aunty, nilitaka kusaidia. Nilisahau kuandika ni AI."

Nekesa akakaa. Halafu akanigeukia mimi, na sauti ilikuwa nyingine.

"Kwa nini unaninyang'anya? Si ungenyamaza? Nilikuwa na mama kwa siku tatu, mama Njoroge. Siku tatu tu. Sasa unataka nirudi Mai Mahiu niwaambie watoto nini, nyanya yenu alikuwa app?"

Karanja akakohoa.

Nikamwambia ukweli tu. "Sina uso wa kukupa. Nina maneno, na nina hiyo kidogo ambayo maji yaliacha. Ukitaka uone, kijana atafungua. Usipotaka, rudi na huyo, sitasema tena."

Boni alienda akaleta chai, ikapoa.

Mwisho akasema, "Fungua."

Sasa hapa, nyinyi mafundi wa jukwaa, ndipo niliona tofauti ya hizo program mbili, na nitaisema vile nilielewa mimi.

Ile ya simu ikishafanya, imefanya. Shiro alijaribu kurudi nyuma, akapata amebaki na picha ya wanawake wanaocheka tu. Ya kompyuta inafanya kazi kwa matabaka, kama umeweka karatasi ya nailoni juu ya picha ukachora juu ya nailoni. Boni alitoa nailoni moja, matope yakarudi. Akatoa nyingine, ukuta ukaondoka na Trufena akasimama tena na wingu lake. Kile cha kweli kilikuwa bado kiko chini. Hapo nilimpa Boni alama.

Nikavuta kiti karibu naye.

Nikamwambia, "Sasa utafanya kazi na mimi. Ukitaka kutoa kitu, uliza."

Akaonyesha na mshale. "Hii?"

"Hiyo ni maji. Toa."

"Hii kwa mkono?"

"Udongo. Acha."

"Na hii kwa gauni lako?"

"Udongo pia. Huyo Karanja alinipiga teke akiwa mgongoni kwa Wambui, na miguu yake ilikuwa imechezea matope."

Karanja akasema, "Sikumbuki." Nikamwambia, "Wewe si ulikuwa begi?" Hata Nekesa akacheka kidogo, bila kupenda.

Tukaenda hivyo, doa kwa doa, mpaka tukafika kwa Trufena. Boni akafanya wingu liwe jepesi pole pole. Akaniambia kuna mahali rangi bado iko chini na kuna mahali karatasi yenyewe imeoza, na akifika hapo hakuna kitu cha kutoa, itabidi achore. Nikamwambia ukifika hapo, simama.

Ikatoka pembe ya mdomo, imefungwa. Ikatoka kidevu. Upande mmoja wa shavu, jeusi la kung'aa, na sikio moja bila tundu. Macho hakuna. Pua hakuna. Hapo karatasi ilikuwa imekwisha, na Boni akasimama kama nilivyomwambia.

Nekesa alikuwa amesogea mpaka nyuma ya viti vyetu.

"Na hiyo ya shingoni?" Boni akauliza. "Hii imekaa kama maji. Mistari mitatu. Mara ya kwanza niliitoa."

Hata ya Shiro iliitoa. Ni mistari mifupi, hapo chini ya sikio, inashuka.

Nikaangalia. Nikaangalia tena. Na nikakumbuka kwa nini mpiga picha alitukemea tukae sawa.

"Usiguse hiyo," nikamwambia. "Hiyo ni mkono."

"Mkono wa nani, mathe?"

Nikamgeukia Nekesa. "Ni wako. Ulikuwa umekaa chini unachezea udongo wetu. Mama yako alipoenda kusimama kwa picha ukalia, akakubeba, ukamshika shingo na hiyo mikono. Mpiga picha akasema mtoto akae kando, hatoshei. Akakuweka chini. Hakupanguza. Akasimama hivyo."

Nekesa akainama. Aliweka vidole vyake vitatu kwa kioo cha kompyuta, juu ya hiyo mistari. Vikafunika shingo yote, vilikuwa vikubwa sana. Akavitoa, akaviangalia.

Boni alizima sauti ya simu yake bila kuambiwa.

Baadaye Nekesa akauliza, "Alinishika na mkono gani?"

Nikamwonyesha. Mkono wa kushoto, ndiyo maana leso yake imechafuka upande huo.

Banner ilitoka na watu watano na mtoto mmoja mgongoni. Matope mpaka viwiko. Uso wa Trufena una pengo pale karatasi ilioza, halikujazwa, na chini Boni akaandika majina yetu yote. Siku ya sherehe mzazi mmoja akaniuliza kwa nini hawakutumia tu app wamalize hiyo sehemu. Nilimwangalia mpaka akaenda kutafuta soda.

Nekesa alichukua nakala yake. Ile yenye herini aliondoka nayo pia, imefungwa kwa gazeti. Sijui ni gani iko ukutani Mai Mahiu leo. Sikumuuliza, na sitamuuliza.

Shiro bado anafanya kazi na simu yake, na sikatai. Tangazo la birthday halina makosa. Lakini sasa akijaziwa kitu na AI anaandika chini kwamba kimejazwa. Nilimwambia asipoandika nitaingia kwa group mwenyewe.

Kwa hivyo wakuu, nilichojifunza ni hiki. Ya simu ni ya haraka na haiulizi. Ya kompyuta ni ya pole pole na inakubali kurudi nyuma, lakini nayo ikishikwa na mtu asiyeuliza, inafuta watu vile vile. Mnabishana juu ya mashine wakati nyinyi wenyewe hamjauliza aliye kwa picha anaitwa nani. Mkiletewa picha ya zamani, tafuteni mzee aliyekuwa hapo mumkalishe kando ya hiyo mashine kabla hajaenda. Ile original msiiguse. Na mkifika mahali hamjui, simameni. Pengo si aibu. Aibu ni kuweka mgeni kwa leso ya mama ya mtu.

Sasa nafasi ni yenu. Mafundi mseme kama hayo maneno ya matabaka nimeyaeleza vibaya. Na kama kuna mtu wa Keringet hapa, ambaye mama yake au nyanya yake alikuwa siku ya kukandika nasari, anisahihishe. Labda jicho lililolala halikuwa la kushoto. Labda ile mikono shingoni ilikuwa ya mtoto mwingine, tulikuwa na watoto wengi pale na mimi nimezeeka. Nikikosolewa nitampigia Nekesa mwenyewe nimwambie.

Lakini ukija kunikosoa, njoo na jina la mtu aliyekuwepo. Usinijie na app.